Puto la Zamani na Maharage ya Dafroza

Heri jambo hili niliseme mwenyewe, kwa sababu Dafroza anapolisimulia (na analisimulia gulioni, kisimani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga) ananiwekea mdomoni maneno ambayo sikuyasema, ingawa lazima nikiri kwamba yale niliyoyasema kweli ni mabaya kuliko hayo aliyoyaongeza. Mimi ndiye yule mwanamke wa Makere aliyewaambia watu hewa imetulia huku tone la kwanza likimwangukia puani. Watoto wa shule wakipita wananiita Mama Puto, na mimi naitika, maana nikinyamaza wanarudia kwa sauti zaidi.

Nimesoma mpaka darasa la saba na sikufaulu. Nalisema hilo ili mjue mapema mnamsikiliza nani. Lakini shule yetu ina kipima mvua uani, na mwalimu aliyekuwa akikisoma alipohamishiwa Kibondo alinikabidhi mimi kazi hiyo kwa sababu mbili, kwanza nyumba yangu imepakana na shule, pili mwandiko wangu unasomeka. Kila siku saa tatu asubuhi nasoma maji yaliyomo, naandika kwenye daftari, na chini ya namba naongeza maneno mawili matatu ya siku hiyo, nani amejifungua, mbuzi wa nani amekula mihogo ya nani. Madaftari yameshajaa sanduku zima. Kwa hiyo msidhani nilikuwa mgeni wa mvua, na hilo ndilo linaloniuma.

Evelina alikuja kula Krismasi kwetu. Huyu ni binti wa kaka yangu, anasomea hali ya hewa chuoni, na utafiti wake wa mwisho unahusu maputo. Alinieleza hivi (niliandika siku ile ile ili nisije nikampotosha): kuna kituo huko pwani ambako wanarusha puto kubwa alfajiri, lina kidude kimening'inia chini yake, na kidude hicho kinapanda kikituma kwa redio joto na unyevu na upepo wa kila kimo, mpaka puto linapasuka huko juu, na habari zote zinahifadhiwa miaka na miaka kama parokia inavyohifadhi vitabu vya ubatizo. Programu iliyomo kwenye laptopu yake inachukua faili la siku moja, inachora mistari miwili, inapiga hesabu, halafu inatoa namba.

"Chukua hewa ya chini, shangazi, uinyanyue kama ndoo," aliniambia. "Ukiiachia ikarudi, hewa imetulia. Ukiiachia ikaendelea kupanda yenyewe, hapo mawingu makubwa yanajengeka."

Namba isiyo na alama ya kutoa, hewa imetulia. Yenye alama ya kutoa, haijatulia. Nikaona mpaka hapo darasa la saba linatosha.

Mafaili yalikuwa mengi, programu ilikuwa ikiyameza moja moja, na yeye vipindi vilikuwa vinamsubiri chuoni, ndipo akaniomba nimsaidie: nifungue faili, nibonyeze, nisubiri, niandike namba kwenye jedwali alilolichora, nifunge, nifungue jingine. Aliniachia laptopu, sola ndogo ya kuichaji, na maagizo mawili. La kwanza, nisibadilishe namba hata ikinishangaza. La pili, nikikwama nisibonyeze kitu, nimpigie. Hakunikataza kuwatabiria watu, na sisemi hilo ni kosa lake, maana mtu akikuachia mbuzi umchunge hakukatazi kumpeleka kanisani.

Kazi niliipenda. Nilikuwa naiweka laptopu juu ya meza, naifunika kwa kitambaa cha kufuma nikimaliza, na majirani wakija kuomba moto au chumvi macho yao yanakwenda moja kwa moja kwenye kile kitambaa. Nikajikuta nawafunulia. Nikajikuta naeleza habari za ndoo ya hewa. Baada ya wiki tatu nilikuwa naeleza kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua ilikotoka.

Sasa Dafroza. Ni jirani yangu, wazazi wake na wangu walivuka kutoka Burundi kwa njia moja, tulikaa dawati moja shuleni, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Tangu utoto hajawahi kuniuliza swali ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari. Mwaka huu viwavi vilimmalizia mahindi yake yote, kikabaki kitu kimoja tu, maharage, na maharage hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yake yenye watu saba mpaka mwezi wa sita, na humo humo zitoke mbegu za kupanda msimu wa pili. Alikuwa ameyang'oa, ameyarundika chini ya paa na barazani, yanasubiri kupurwa.

Na kwetu maharage hayapurwi na mtu mmoja. Tunafanya ikibiri, yaani leo tunakwenda wote kwako na fimbo zetu, keshokutwa kwangu, na mwenye zamu anapika. Zamu ya Dafroza iliangukia Alhamisi. Ikikupita imepita, kwa sababu kila mtu ana shamba lake linalomngoja. Kwa kawaida, kwa kuwa msimu huo mvua bado ziko, tunafanya kwa woga: tunatoa fungu moja, tunalianika asubuhi, maganda yakianza kulia tunapiga, tunapepeta, tunaingiza ndani, ndipo tunatoa jingine, na turubai la kikundi linakaa karibu muda wote. Kazi hiyo inachosha, lakini ndivyo mama zetu walivyofanya.

Jumatatu Dafroza akaja, akakaa, akakitazama kitambaa.

"Yewe Mama Deo, hiyo mashine yako inasemaje juu ya Alhamisi?"

Hapo ndipo ningesema: haya ni mambo ya zamani, hayajui Alhamisi wala Ijumaa. Ni sentensi fupi. Lakini Dafroza alikuwa ameniuliza mimi, na hakuwa na jibu, na alikuwa ananitazama kama tulivyokuwa tukimtazama mwalimu. Nikafunua kitambaa.

Niwaeleze nilivyofikiri, ili mnihukumu kwa haki. Alhamisi ile ilikuwa siku ya Mtakatifu Agata. Sisi siku tunazijua kwa wenyewe, yaani watakatifu wake, hatusemi tarehe tano ya mwezi wa pili, tunasema Agata, na Agata wa mwaka huu ni yule yule wa mwaka jana, hazeeki, hahami, anarudi siku yake. Nikaona kwa akili zangu kwamba kama siku ni ile ile na mwenyewe ni yule yule, hewa yake itakuwa nyingine kwa nini? Nikapekua mafaili nikampata Agata wa miaka sita nyuma. Nikabonyeza. Mistari ikachorwa. Namba ikatoka, haina alama ya kutoa.

"Imetulia," nikasema.

"Imetulia kiasi gani?"

"Mno."

Hilo "mno" lilikuwa langu. Namba yenyewe ilikuwa ndogo, imekaa jirani kabisa na sifuri. Programu haikusema mno.

Jumanne jioni kwenye sala ya jumuiya Dafroza akawaambia wenzetu kwamba Alhamisi tutatoa maharage yote kwa mpigo mmoja na kumaliza mapema, kwa sababu mashine ya Mama Deo imeshaangalia juu. Katekista akaniuliza kama ni kweli. Nikajibu kwamba mashine inasema hivyo (sikusema mimi nasema, na siku ile nilidhani hiyo ni kinga). Nyumba mbili nyingine zikaomba zilete na yao yaanikwe hapo hapo. Katekista akamshukuru Mungu kwa elimu ya vijana wetu. Kila hatua niliona mlango wa kutokea, na kila hatua nikaona aibu kuupita.

Jumatano akaja fundi matofali kutoka Titye kuazima turubai la kikundi, ambalo hukaa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mtunza vifaa. Alikuwa na tofali mbichi na alihofia mvua. Nikamcheka. Nikamwambia kesho hakuna mvua lakini achukue tu kwa amani ya moyo wake, sisi hatuna kazi nalo. Akalifunga kwenye baiskeli akaondoka nalo. Mpaka leo nikimkuta njiani yeye ndiye anayecheka, na ana haki.

Alhamisi jua lilitoka zuri. Saa tatu nikasoma kipima mvua, kikavu. Nikaenda kwa Dafroza na laptopu kifuani kama mtoto wa kubatizwa, nikakuta uwanja mzima umefunikwa na maharage, ya Dafroza yote na ya zile nyumba mbili, hapana pa kukanyaga, ndani ya nyumba mmebaki vitanda tu. Nikapewa kiti cha wageni. Kigoda kikaletwa kwa ajili ya laptopu, na mwavuli wa kuikinga na jua. Wenzangu wakashika fimbo, mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ikibiri sikushika, nikakaa. Mtendaji wa kijiji alipita kuangalia, akataka kuona mistari, nikamwonyesha, akasema jambo kama hili linafaa lifike wilayani, Kasulu wajue. Nami sikupinga.

Saa saba hivi mgongo wa milima ya upande wa Burundi ukaanza kuota wingu jeupe, limesimama kama koliflawa, halafu likawa na kitako cheusi. Fimbo zikapungua mwendo. Dafroza akanijia, jasho linamtoka.

"Mama Deo, hebu angalia tena."

Nikafungua. Nikabonyeza. Programu ikachora mistari ile ile ya Agata yule yule wa miaka sita nyuma (ingechora nini kingine, masikini?), na mimi nikatangaza kwamba namba haijabadilika. Watu wakaridhika. Fimbo zikarudi. Baada ya muda radi ikanguruma, Dafroza akanitazama, nikabonyeza tena, nikasema namba ni ile ile. Upepo wa baridi ukaja ukapeperusha maganda. Mzee Bukuru, jirani yetu ambaye hata msibani hakosi la kusema, akaegemea fimbo yake.

"Mwambieni achungulie na nje," akasema, "labda nje kuna namba nyingine."

Walicheka, lakini cheko la mtu anayekusanya vitu vyake. Dafroza hakucheka. Akaniambia kwa upole kwamba basi turubai lije, kwa tahadhari tu. Nikamwambia liko Titye. Akauliza Titye wapi. Nikasema kwenye tofali. Mimi ningependa angenitukana, kwa sababu alichofanya ni kugeuka na kuyatazama maharage yake yote, yalivyolala pale, kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba.

Nikampigia Evelina. Kwa kuwa masikio yote yalikuwa kwangu, na bado nilikuwa na kitumaini kwamba atanitetea, nikaweka spika.

"Evelina, nina faili la Agata hapa. Namba inasema imetulia lakini wingu linakuja. Nibonyeze nini?"

"Agata ndiyo nini, shangazi?"

"Leo. Tarehe tano."

"Faili la leo mimi sikukupa. Hilo ni la mwaka gani?"

Nikautaja mwaka. Fimbo zote zikasimama uwanjani, kuku tu ndiye aliyekuwa akiendelea na mambo yake.

"Shangazi," akasema taratibu, "hilo puto lilishapasuka zamani."

Ndipo tone likaniangukia puani. Nalo lilikuwa limetumwa litangulie tu, wenzake walikuwa nyuma yake wote kwa pamoja.

Yaliyofuata Dafroza huyasimulia vizuri, na karibu yote ni kweli. Watu walikimbia na maharage kwenye mabeseni, kwenye vikapu, kwenye kofia, wanawake walivua vitenge vya juu wakafunika walichoweza, katekista alijilaza kifudifudi juu ya fungu moja na koti lake limetandazwa kama kuku anayeatamia. Lakini kuna jambo moja ambalo Dafroza hulisema na mimi siwezi kulikanusha: katika watu wote waliokuwa pale, mmoja peke yake alikimbia kwanza kuokoa kitu kisicho maharage. Nilinyakua laptopu nikaenda nayo jikoni, nikaitia kwenye sufuria kubwa la ugali lililokuwa limeoshwa, nikafunika kwa mfuniko. Nilipotoka, Dafroza alikuwa mlangoni na beseni lililojaa, amekuja kulitafuta sufuria lile lile. Alinitazama mara moja tu. Nikaitoa laptopu, nikampa sufuria, nikaiweka laptopu chini sakafuni, nikaingia mvuani. Nilichelewa kwa sekunde ngapi sijui, lakini nilichelewa.

Mvua ilipokatika theluthi mbili ya maharage yake ilikuwa inaogelea. Ya zile nyumba mbili yalipona zaidi, kwa sababu yalikuwa machache. Watu wakaaga kwa sauti ndogo. Nikamwambia Dafroza nyumba yangu ina sakafu ya saruji na yake ya udongo, ayalete kwangu. Akasema, "Ego," yaani ndiyo, hilo tu, na tukayabeba.

Kesho yake asubuhi, nilipokwenda kuandika mvua ya siku iliyopita, roho ilinituma nifungue sanduku nikamtafute Agata wa miaka sita nyuma katika daftari langu mwenyewe. Nikamkuta. Kwa mwandiko wangu unaosomeka nilikuwa nimeandika: mvua kubwa mchana, bati la jiko la shule limeng'oka. Yaani siku ile ile ambayo programu ilisema imetulia, kwetu bati liliruka. Nikampigia Evelina, safari hii bila spika. Akanieleza bila kunicheka (nilimsikia akijizuia) kwamba puto lile lilirushwa usawa wa bahari tena alfajiri, hewa ikiwa bado imelala, na kwamba sisi huku Makere tunaishi mahali ambapo puto limeshapanda zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo kile kipande cha chini cha mchoro nilichokuwa nikikifurahia, kwetu kiko ndani ya ardhi. Hata lingekuwa la asubuhi ile ile, lisingeniambia kitu juu ya uwanja wa Dafroza. Programu haikukosea. Iliulizwa swali la pwani ikajibu la pwani.

Wiki mbili nyumba yangu ililala maharage. Sebuleni maharage, chumbani maharage, chini ya kitanda maharage, mume wangu akivuka kwa kunyanyua miguu kama korongo na bila kuniuliza lolote, jambo ambalo lilinitesa kuliko maswali. Nilikuwa nikiyageuza kila saa, moto hauzimiki jikoni. Baadhi yalikauka, yakawa na madoa lakini yanalika. Mengine yalianza kuchipua, hayo tuliyapika mara moja, kwake na kwangu. Lakini mbegu hakuna. Punje niliyoipasua ndani ilikuwa imefifia, na nisingempa mtu apande kitu ambacho mimi nisingekipanda.

Dafroza alikuwa akija kila siku kuyatazama, ananisalimia, anaulizia hali ya watoto, anaondoka. Hakuwa ananipuuza, tafadhali msimwelewe hivyo. Alikuwa mtu mwenye hesabu za chakula kichwani. Siku ya kupanda ilipofika nikampelekea mbegu zangu, nusu ya nilizokuwa nazo, yale maharage madogo mekundu ambayo miaka yote amekuwa akiyasema kwamba yanamaliza kuni. Akaweka mkono ndani ya gunia, akazungusha.

"Haya ya kwako," akasema, "yatachukua siku ngapi kuiva?"

Nikamwambia mimi juu ya siku zijazo sisemi tena neno. Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia, akaita mpaka watoto wake waje wanisikie nikilirudia. Nikalirudia. Ni kiapo, na nakishika mpaka leo: mtu akiniuliza juu ya kesho, namjibu juu ya jana, na yale mafaili ya Evelina niliyamaliza yote kwa mpangilio wake, mlango umefungwa.

Yale mekundu yalimkubali. Mwezi wa sita akaweka ikibiri yake, jua la kiangazi kali, mbingu nyeupe, vumbi mpaka kwenye kope, msimu ambao hata mtoto wa kunyonya anajua tone haliji mpaka Septemba. Nilikwenda mapema na fimbo yangu. Dafroza akaipokea, akampa mtu mwingine, akaniletea turubai lililokunjwa, akaniambia nikae pale katikati ya uwanja nilishike, na nisiliweke chini mpaka punje ya mwisho iingie ndani. Mzee Bukuru akaomba asogezwe karibu aone vizuri.

Nikalishika. Linanuka tofali. Chakula kilipoiva Dafroza aliniletea mwenyewe, akasimama mbele yangu kuhakikisha nakula kwa mkono mmoja.

"Mama Deo, unaona wingu?"

"Silioni."

"Una hakika?"

Nikamwambia sina hakika.

"Basi shika," akasema, akaniongezea maharage.